Kabla ya Kumtafuta Mchawi, Mtafute Msikilizaji

Ndugu msomaji, yako maneno manne ambayo husikika upesi sana katika nyumba iliyoingiwa na shida: "Kuna mkono wa mtu." Baba ameacha kula na kulala, kuna mkono wa mtu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani sasa anashika mkia, kuna mkono wa mtu. Mke na mume waliopendana miaka kumi sasa hawasalimiani asubuhi, kuna mkono wa mtu. Maneno hayo husemwa kwa sauti ya chini, na husemwa na watu wenye akili timamu, wenye elimu na wenye kushika dini zao. Siwadharau wanaoyasema, kwani nimezaliwa na kulelewa miongoni mwao. Lakini naamini kwamba siku maneno hayo yanapotamkwa ndani ya nyumba ndiyo siku nyumba hiyo inapohitaji msaada wa namna nyingine, ambao wengi wetu hatujaufahamu vizuri. Msaada huo ni tiba ya mazungumzo.

JINA LA MJI WETU

Kwetu ni Malangali. Sisemi Malangali ya Mufindi, yenye shule kongwe inayojulikana nchi nzima, bali Malangali ya mjini Sumbawanga, juu katika uwanda wa Ufipa, ambako mwezi wa Juni na wa Julai baridi huwaweka watu jikoni, wakiota moto mpaka usiku mwingi. Watu wa mikoa mingine hututania sana sisi wa Rukwa. Nikisema ofisini kwamba nakwenda likizo nyumbani, hakosi mtu wa kuniuliza kama nitasafiri kwa basi au kwa ungo, na mwingine huniomba nikifika nisimtumie radi. Ni utani, nasi tumeuzoea.

Wachache kati ya wanaotutania wanajua kwamba jina lenyewe la mji wetu linasema kinyume. Wazee husimulia kuwa Sumbawanga ni "sumba uwanga", yaani tupa uchawi. Ni kana kwamba wahenga wetu waliandika amri mlangoni: wewe unayeingia, kama unao uchawi, utupe kwanza.

Kuitimiza amri hiyo hakujawa kazi rahisi. Katika miaka ya 1930 walizuka katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia watu walioitwa Mchape, wakizunguka vijijini na dawa ya kunywa waliyodai kuwa inawafichua na kuwatakasa wachawi. Ufipa nayo ilifikiwa na wimbi hilo. Katika miaka ya 1960, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, wimbi lilirudi kwa jina la Kamchape, na mtaalamu wa mila na desturi kutoka Uingereza, Roy Willis, akaandika habari zake mwaka 1968. Haya yalitokea ingawa sheria ya uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928, nayo inamtia hatiani hata yule anayemnyooshea mwenzake kidole kuwa ni mchawi.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini watu waliendelea, na kwa nini hata leo wapo wanaoendelea, kwenda kwa mpiga ramli? Jibu la haraka ni ujinga. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Mtu anayekwenda kwa mpiga ramli hupokewa, hukalishwa, huulizwa juu ya ndoto zake, juu ya ugomvi wake na ndugu, juu ya deni asilolipa na kilio asichokimaliza. Husikilizwa hata saa nzima. Mtu huyo huyo akienda katika zahanati yenye foleni ndefu, husikilizwa kwa dakika chache, akaandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu ya kichwa. Binadamu mwenye uchungu huenda mahali anaposikilizwa. Kosa la mpiga ramli si kusikiliza. Kosa lake ni kwamba mwisho wa kusikiliza hutoa jina la mtu, na jina hilo huacha nyuma yake uadui, na mara nyingine damu. Katika nchi yetu, hasa katika baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa kuni wa miaka hamsini.

Basi hitaji ni la kweli, bali mlango ndio usio sahihi. Tiba ya mazungumzo humpa mtu ule usikivu anaoutafuta, bila ya kumtolea jina la mtu wa kumchukia.

MFANO WA NYUMBANI

Niruhusu nitoe mfano wa nyumbani kwetu, ambao wenyewe wameniridhia niueleze. Mume wa dada yangu ni dereva wa lori. Kwa miaka mingi alichukua mahindi na maharage kutoka Sumbawanga kuyapeleka Tunduma na Mbeya. Usiku mmoja mtu mwenye baiskeli isiyo na taa aliingia barabarani ghafla mbele ya lori, akagongwa, akafa pale pale. Polisi walipima, wakakagua breki, wakamhoji utingo, na shemeji akaonekana hana hatia. Akarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza aliwapokea vizuri watu waliokuja kumpa pole. Baadaye mambo yakaanza kubadilika. Usingizi ulimtoka. Akisikia kengele ya baiskeli uchochoroni alishtuka, jasho likamtoka hata katika baridi ya Julai. Alikataa kukaribia stendi. Kisha akaanza kunywa, mtu ambaye hapo zamani chupa mbili za bia zilimtosha kwa sikukuu nzima. Watoto walijifunza kunyamaza mara tu wasikiapo hatua zake mlangoni. Miezi mitatu ikapita, na biashara ndogo ya dada yangu ya kuuza maharage sokoni ndiyo iliyolisha nyumba.

Wazee walikaa vikao viwili, wakamkanya, wakamwombea, wakamtia moyo. Katika kikao cha tatu ndipo yalipotamkwa yale maneno manne. Na mara yakatamkwa, jina likapatikana: shangazi yake mwenyewe, mjane aishiye peke yake nyuma ya nyumba yao, ambaye wiki ile ya ajali alikuwa ameomba debe la mahindi asipewe. Kesho yake watoto wakakatazwa kupokea chakula mikononi mwake. Wakachaguliwa na watu wa kwenda kupiga ramli, na ikajadiliwa ng'ombe yupi auzwe kwa gharama hizo.

Dada yangu si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimama mbele ya wakwe zake. Alisema, "Shangazi huyu ndiye aliyenipokea nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Kama yeye ndiye aliyemroga, mbona mume wangu akiweweseka usiku hamwiti shangazi? Humwita yule mtu wa baiskeli." Kisha akaomba jambo moja, kwamba kabla ya kuuza ng'ombe wampeleke kwanza hospitalini. Wazee walikubali, wengine kwa shingo upande.

Hospitalini walianza kwa kuupima mwili, maana magonjwa mengine ya mwili hujificha nyuma ya huzuni na hasira. Kisha alikutanishwa na muuguzi aliyesomea afya ya akili, akatakiwa aje mara moja kila wiki. Shemeji alitazamia kupewa sindano. Badala yake aliombwa aeleze mambo ya usiku ule, tangu alipowasha gari mpaka alipofika polisi. Siku ya kwanza hakuweza kuvuka pale taa za lori zilipomulika. Wiki ya pili alifika kwenye baiskeli, akalia kwa mara ya kwanza tangu ajali itokee. Wiki kwa wiki alisimulia upya, na kila mara muuguzi alimwuliza kwa upole: uliona nini, uliwaza nini, je, palikuwa na nafasi ya kufanya lingine? Kidogo kidogo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alifikia kusema kwamba hakuua, bali alihusika katika kifo ambacho hakukitaka. Ninyi mnaosoma mtaona kama maneno hayo mawili ni mamoja. Kwake yalikuwa tofauti ya usiku na mchana.

Alipewa na kazi za kufanya kati ya wiki na wiki. Kwanza atembee hadi stendi na kurudi. Kisha aketi ndani ya lori lililosimama. Baadaye asafiri kama abiria mpaka Laela, mchana. Pamoja na hayo, wazee wa pande zote mbili walimsindikiza kwenda kuhani kwa familia ya marehemu, jambo ambalo kwa woga hakuwa amelifanya. Zilipotimia kama wiki kumi usingizi ulikuwa umerudi na pombe imepungua sana. Leo anaendesha, ila usiku hasafiri. Hajasahau, wala hakuahidiwa kwamba atasahau. Na yule shangazi bado yupo nyuma ya nyumba, na watoto hunywa uji wake wa ulezi.

MAZUNGUMZO YANAYOTIBU

Huenda utauliza, ndugu msomaji: mazungumzo tunayo kila siku, yawezaje kuitwa dawa? Swali ni la haki. Tunao wazee, tunao majirani, tunao mapadri, wachungaji na mashehe, tunaye balozi wa shina. Watani nao huja msibani kutuchekesha ili machozi yapumzike kidogo. Hizo zote ni hazina, na nyumba nyingi huponea hapo. Kadhalika sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi, na isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka baraza liwe limejaribu kupatanisha na kushindwa. Sheria hiyo ilitambua kwamba watu wasikilizwe kwanza kabla ya kutengana.

Lakini baraza hutafuta suluhu, mzee hutoa maonyo, na kiongozi wa dini huelekeza roho kwa Mungu. Anayetoa tiba ya mazungumzo hafanyi mojawapo ya hayo. Hahukumu nani mwenye kosa. Hasemi, "Ningekuwa wewe ningefanya hivi." Si ndugu, hivyo hana fungu katika urithi wala upande katika ugomvi. Husikiliza kwa utaratibu aliofunzwa, huuliza maswali yanayomsaidia mtu kuyaona mawazo yake mwenyewe, na humpa hatua ndogo ndogo za kujaribu. Kazi ina mwanzo na ina mwisho, na ahadi ya siri ni sehemu ya kazi yenyewe. Siri hiyo huweza kuvunjwa tu pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Ya kwamba tiba hii inafaa kwetu, wala si anasa ya watu wa Ulaya, imekwisha pimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, jirani na mkoa wetu wa Kagera, vilichaguliwa vijiji 30 vilivyokuwa vimeumizwa sana na ukimwi. Wataalamu waliwauliza kwanza wananchi wenyewe wanaiitaje huzuni isiyokwisha, wakajibiwa kwa Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Kisha katika nusu ya vijiji viliundwa vikundi, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya mambo matatu: kufiwa, magomvi, na mabadiliko makubwa ya maisha.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 waliohusika walikuwa na dalili kamili za ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito inayomlemaza mtu. Mwishoni walibaki chini ya 7. Katika vijiji visivyo na vikundi idadi ilishuka pia, kutoka 94 hadi kama 55, maana wakati nao una uwezo wake wa kutibu. Lakini tofauti ya 7 na 55 si ndogo.

Hata hapa kwetu, Moshi, na kwa majirani zetu wa Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi wote wawili walihusishwa katika kazi ya namna hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata mazungumzo hayo ya wiki 12 walipata nafuu ya majonzi na hofu kuliko wenzao waliopata misaada ya kawaida tu.

LINI UENDE?

Sasa tufike kwenye kiini. Si kila huzuni ni ugonjwa. Aliyefiwa analia, aliyeachishwa kazi anakosa raha, mke na mume hugombana juu ya ada na kodi ya nyumba. Hayo ni maisha, na si kila machozi yana haja ya mtaalamu. Lakini viko vipimo ambavyo kila mmoja wetu aweza kuvitumia nyumbani kwake.

Kipimo cha kwanza ni muda. Huzuni, woga au kukosa hamu ya mambo yote kukiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, bila kupungua, kunastahili kutazamwa na mtaalamu. Aliyefiwa apewe muda mrefu zaidi, lakini hata yeye, miezi ikipita naye anazidi kuzama badala ya kuinuka, asiachwe.

Kipimo cha pili ni kazi. Tazama kama jambo hilo limegusa usingizi, chakula, usafi wa mwili, na riziki. Fundi aliyekuwa stadi sasa anaharibu mbao. Karani anatazama faili moja tangu asubuhi mpaka saa nane. Mama aliyejifungua juzi hamtazami mtoto wake wala hataki kumshika. Hapo shida imekwisha toka moyoni na kuingia katika maisha.

Kipimo cha tatu ni mzunguko. Kama wewe na mwenzi wako mmegombana juu ya jambo lile lile, kwa maneno yale yale, tangu mwaka juzi, na vikao vya wazee vimerudia usuluhishi ule ule mara tatu, msikae kikao cha nne. Tatizo halikosi maonyo. Linakosa mtu wa nje wa kuwaonyesha ninyi wawili mnapokwama.

Kipimo cha nne ni watoto. Mtoto hasemi, "Nyumba yetu ina shida." Husema kwa mwili wake. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena; anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule; anawapiga wenzake, au anakaa kimya kama mtu mzima. Kabla ya kumchapa, na kabla ya kumtafutia aliyemfanyia, wazazi wajitazame wenyewe.

Kipimo cha tano ni chupa. Mtu anayekunywa ili alale, au ili asikumbuke, ameanza kujitibu mwenyewe kwa dawa inayozidisha maradhi.

Na kipimo cha sita, ambacho kwangu mimi ndicho kikubwa, ni kile nilichoanza nacho. Nyumba inapoanza kutafuta nani wa kulaumiwa, iwe ni shangazi, mke wa kaka, jirani mwenye duka au mkwe, ujue kwamba uchungu umewashinda wenye nyumba nao unatafuta pa kutokea. Huo si wakati wa kupiga ramli. Ni wakati wa kutafuta msikilizaji.

Liko jambo moja lisilosubiri kipimo chochote. Mtu akisema kwamba afadhali afe, au akianza kugawa mali zake na kuaga watu bila sababu, asichekwe wala asikemewe. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake, vitu vya kudhuru viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kadhalika anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayetishia kuwaumiza wenzake, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, kwa maana yeye huenda akahitaji dawa pamoja na mazungumzo. Na mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie mpaka mume "apate ushauri". Usalama wake hutangulia. Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo.

PA KUANZIA

Wengi wetu tukisikia habari za akili, mawazo yetu hukimbilia Mirembe, hospitali ile ya Dodoma iliyofunguliwa na wakoloni mwaka 1927, na jina lake tumelifanya tusi la mitaani. Kwa sababu hiyo mtu huficha maradhi yake mpaka yamwumbue. Lakini wanaohitaji kulazwa ni wachache mno kuliko wanaohitaji kuzungumza. Kwa wengi safari huanzia karibu: kituo cha afya, hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukifika, usiseme tu kichwa kinauma. Sema, "Silali, nina mawazo yanayonishinda, naomba kuonana na anayeshughulika na afya ya akili." Maneno hayo machache huokoa miezi ya vidonge visivyofaa.

Katika halmashauri zetu wapo Maafisa Ustawi wa Jamii, ambao kazi yao ni pamoja na migogoro ya ndoa na malezi. Kwa ajili ya mtoto aliye katika shida, ipo simu ya bure nambari 116. Sikufichi kwamba wataalamu ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa; huenda ukarudi mara mbili kabla ya kumpata. Ukimpata, una haki ya kumwuliza amesomea wapi na kazi itachukua muda gani. Akikuahidi kukuponya kwa siku moja, akikutaka utoe siri zako mbele ya watu, au akikutajia jina la adui yako, toka uende zako. Huyo ni mpiga ramli aliyevaa koti jeupe.

Wapo watakaosema kwamba mwanamume hapeleki machozi yake kwa mgeni. Mimi huwajibu kwa kuuliza ni kipi cha aibu zaidi: kulia mbele ya mtu mmoja anayetunza siri, au watoto wako kunyamaza kila usikiapo mlango ukifunguliwa? Wapo pia watakaosema hawana nafasi, kazi ni nyingi, zamu hazimalizi. Lakini yule asiyelala hafanyi kazi, anakuwapo kazini tu, na akiwa dereva au mwendesha mashine hatari yake si ya peke yake.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Sumbawanga tumerithi jina linalotuagiza kutupa uchawi, na kila mji katika nchi hii una namna yake ya agizo hilo, hata kama haukuandikwa katika jina. Kuutupa si kusema tu kwamba haupo. Ni kukataa kuufanya uwe jibu la kila uchungu, na kuwa tayari kuuangalia uchungu wenyewe usoni mbele ya mtu anayejua kusikiliza. Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, watazame wale wanaoishi nawe chini ya paa moja, na ujitazame nafsi yako. Ukiona mmoja wenu amekwisha vuka vipimo vile, kesho Jumatatu ni siku ya kazi, na milango ya hospitali iko wazi.